Kutoka milimani hadi Carteret: kuifuata kura ya kamishna wa kilimo North Carolina

Alhamisi, Oktoba 24, 2024. Greensboro

Nimepiga kura leo asubuhi, kura ya mapema. Foleni ilikuwa fupi. Wakaangalia kitambulisho chenye picha, wakanipa kalamu nyeusi na karatasi iliyojaa maandishi. Juu kabisa urais, Harris na Trump. Halafu mbunge wa Washington, gavana, naibu gavana, mwanasheria mkuu, mkaguzi wa hesabu. Chini yake ndipo anapokaa kamishna wa kilimo, na wagombea wa vyama vikubwa ni wawili: Steve Troxler wa chama cha Republican, ambaye amekalia kiti hicho tangu 2005, na Sarah Taber wa Democratic, mtaalamu wa mimea kutoka Fayetteville.

Kufikia mstari huo watu wengi wameshachoka. Zamani jimbo hili lilikuruhusu kutia alama moja ukawa umechagua chama kizima, lakini sheria ya 2013 iliufuta utaratibu huo, kwa hiyo unashuka nafasi baada ya nafasi mwenyewe. Asiyemjua mgombea huruka.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mzee mmoja wa Kikongo aliyepata uraia hivi karibuni alinishika mkono akiwa na karatasi ya mfano. Akaweka kidole kwenye mstari huo.

"Mwanangu, huyu wa mashamba kazi yake ni gani? Kwetu waziri wa kilimo anateuliwa. Hatuulizwi."

Kwetu Tanzania vilevile: rais anateua, sisi tunasikia kwenye taarifa ya habari. Hapa kamishna wa kilimo ni mmoja wa watu 10 wanaochaguliwa na jimbo zima, gavana akiwa mmoja wao, na gavana hawezi kumwachisha kazi. Nilimweleza Mzee hivyo, akatikisa kichwa. Alitaka kujua kazi, mimi nilikuwa nimemwambia cheo. Nikamwambia nina likizo, twende tukaione hiyo kazi kwa macho. Tutaanzia milimani magharibi na kumalizia Carteret, pwani, kwenye kaunti iliyofanya kiti hiki kikose mwenyewe hadi Februari baada ya uchaguzi wa 2004. Amekubali, kwa sharti moja: hapigi kura yake mpaka turudi.

Ijumaa, Oktoba 25. Fletcher na Asheville

Barabara kuu ya 40 inaanza kupanda milima baada ya Old Fort, na hapo ndipo Mzee aliponyamaza. Miti imelala chini, mamia kwa mamia, yote imeelekea upande mmoja. Kimbunga Helene kilipita hapa Septemba 27. Watu zaidi ya 100 walifariki katika jimbo hili peke yake. Kando ya mto Swannanoa tumeona mstari wa matope kwenye kuta za nyumba, juu ya madirisha, na kontena la lori limekwama kati ya miti miwili mbali na barabara yoyote. Mabomba ya Asheville bado hayana maji ya kunywa. Tumebeba yetu kutoka nyumbani.

Fletcher kuna uwanja wa maonyesho wa idara ya kilimo, ambako kila Septemba hufanyika maonyesho ya milimani. Baada ya kimbunga uligeuzwa kuwa mahali pa kugawia chakula cha mifugo, majani makavu na vifaa vya kujengea uzio. Mkulima ambaye mto umembebea uzio wote ana ng'ombe wanaozurura barabarani na hana cha kuwapa, na hilo halisubiri fomu. Mzee aliuliza majani yale ni ya nani. Kijana mmoja aliyekuwa akipakia marobota kwenye gari akajibu kwamba mengine yameletwa na wakulima ambao hawajawahi kufika huku maisha yao yote.

Henderson ndiyo kaunti ya matofaa, na kimbunga kilikuja mavuno yakiwa yanaendelea. Tulipita bustani moja ambayo mistari mizima ya miti imeng'oka na udongo wake, matofaa mekundu bado yako kwenye matawi. Mti wa tofaa huchukua miaka kuanza kuzaa vizuri. Nani atasimama mbele ya bunge la jimbo na kueleza kwamba hasara hii si ya msimu mmoja? Ndiyo kazi ya mtu yule wa mstari ule. Na misitu pia iko chini yake: idara ya misitu ya jimbo ilihamishiwa kwake mwaka 2011, kwa hiyo wanaopambana na miti hii iliyoanguka kabla haijakauka na kuwa kuni za moto wa nyikani ni watu wake.

Kaunti 25 za huku zimepewa kanuni za pekee ili watu waweze kupiga kura hata kama vituo vyao vimebebwa na maji. Tuliona foleni mbele ya kituo kimoja, watu wana viatu vya matope. Sikutegemea foleni.

Jumamosi, Oktoba 26. Colfax

Tumeshuka kurudi upande wa kwetu na kusimama kwenye soko la wakulima la Colfax, magharibi ya Greensboro. Ni soko la jimbo, chini ya idara hiyohiyo, kama lile la Asheville, la Charlotte na la Raleigh. Mzee amenunua maboga. Nikamwonyesha kibandiko cha ukaguzi kwenye pampu tulipojaza mafuta: wakaguzi wa idara ya kilimo ndio wanaohakikisha kwamba galoni ni galoni kweli, na mizani za madukani zinapita mikononi mwao pia. Hilo limemwingia kuliko yote niliyosema tangu Alhamisi. Amefanya biashara Bukavu kwa miaka mingi na anajua mzani ulioguswa unavyomwibia mtu kidogokidogo.

Jumapili, Oktoba 27. Raleigh

Siku ya mwisho ya maonyesho ya jimbo. Watu hawana idadi, moshi wa nyama, watoto na pipi za pamba. Mwenyeji wa shughuli hii ni kamishna wa kilimo mwenyewe, na banda kubwa la mifugo limepewa jina la Jim Graham, aliyekuwa kamishna kuanzia 1964 hadi mwanzoni mwa 2001. Miaka 36. Kuna watu waliozaliwa, wakasoma, wakaoa na kulea watoto chini ya kamishna mmoja.

Aliyemfuata ni Meg Scott Phipps, na habari yake nilimsimulia Mzee tukiwa tumekaa kwenye benchi karibu na mabanda ya ng'ombe. Babu yake, Kerr Scott, alikuwa kamishna wa kilimo, kisha gavana, kisha seneta. Baba yake, Bob Scott, alikuwa gavana. Mwaka 2000 mjukuu akamshinda mkulima wa tumbaku kutoka Browns Summit, kaskazini kidogo ya Greensboro, aitwaye Steve Troxler. Lakini fedha za kampeni yake zilichunguzwa, na kiini cha uchunguzi kilikuwa hapahapa tulipokaa: mkataba wa kuendesha bembea na michezo ya maonyesho haya, na pesa zilizotoka kwa wafanyabiashara wa michezo hiyo. Akajiuzulu 2003, akaenda jela. Gavana Mike Easley akamweka Britt Cobb, mtumishi wa siku nyingi wa idara.

"Kwa bembea?" Mzee aliuliza.

Kwa mkataba wa bembea, ndiyo. Umati unaokuja hapa kila Oktoba unaleta fedha nyingi, na anayeamua nani aendeshe michezo ana kitu cha thamani mkononi. Mimi naona hiyo ni sababu tosha ya kuusoma mstari ule wa kamishna kwa makini yaleyale tunayompa gavana.

Jumatatu, Oktoba 28. Raleigh, Clinton, Warsaw

Kabla ya kuondoka Raleigh tulipita maabara ya udongo ya idara, barabara ya Reedy Creek. Mzee alikuja na udongo wa bustani yake kutoka Greensboro. Kifaa chenyewe ni kisanduku kidogo cha karatasi ngumu, kinatosha kiganjani. Unachota udongo sehemu kadhaa za shamba, unauchanganya kwenye ndoo ya plastiki, unajaza hadi kwenye alama, unaandika jina na namba ya sampuli ubavuni, na kwenye fomu unataja zao unalotaka kupanda. Kuanzia Aprili hadi Novemba kupima ni bure. Majibu yanakwambia uchachu wa udongo na kiasi cha chokaa cha kuongeza, kwa maana udongo mwingi wa huku ni mchachu. Mzee aliandika jina lake kwa herufi kubwa, taratibu, kisha akauliza mara mbili kama kweli halipii kitu. Mama wa mapokezi akacheka, akamwambia, "Umeshalipa kwenye kodi yako, baba."

Kusini mashariki ya Raleigh nchi inakuwa tambarare na udongo unakuwa wa mchanga. Hapa ndipo viazi vitamu vinapotoka: North Carolina inavuna zaidi ya nusu ya viazi vitamu vya Marekani yote, na Sampson na Johnston ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza. Aina inayopendwa zaidi, Covington, ilitolewa na chuo kikuu cha jimbo mwaka 2005. Tulisimama kando ya shamba moja wakati wa mavuno. Trekta lilikuwa limeshapita kukata majani, jingine likafuata kupindua matuta, na nyuma yake vibarua wameinama, wanaokota viazi na kujaza ndoo, wanakimbia nazo hadi kwenye lori. Nilisikia Kihispania peke yake.

Mzee hakuwa anaangalia viazi. Alikuwa anaangalia matembele yaliyokatwakatwa, yametapakaa ardhini yananyauka, ekari na ekari.

"Haya yote wanatupa?"

Mwenye shamba alikuja kutusalimia, mtu mpole mwenye kofia iliyofifia. Nikamtafsiria. Akasema hajawahi kusikia mtu anakula majani yake, wala hajui nani angeyanunua. Mzee akamweleza namna yanavyopikwa, mawese, kitunguu, samaki mkavu kama upo, na kwamba Greensboro watu wanayatafuta na kuyanunua kwa bei. Yule bwana akatoa simu, akaniomba nimwandikie neno lenyewe. Kisha akauliza swali la mkulima hasa: je, dawa anazopulizia kwenye viazi zimeruhusiwa kwa zao la majani? Hata hilo, sheria za viuatilifu katika jimbo hili zinasimamiwa na idara ya kamishna.

Nilimuuliza kuhusu uchaguzi. Hakusema anampigia nani. Alisema tu kwamba ardhi inayomzunguka inauzwa kwa ajili ya nyumba, na kila shamba likigeuka mtaa, la jirani linakuwa gumu zaidi kulimwa. Troxler anajivunia mfuko wa jimbo unaowalipa wakulima ili ardhi yao ibaki ya kilimo daima. Taber ameijenga kampeni yake juu ya uchumi wa vijijini unaodidimia. Hoja zote mbili zilikuwa zimesimama mbele yetu shambani pale.

Duplin tumepita jioni. Kaunti ya nguruwe, nao ni wengi kuliko watu mara nyingi sana. Mabanda marefu meupe, na pembeni ya kila kundi la mabanda kuna bwawa la kinyesi. Harufu inaingia garini hata madirisha yakiwa yamefungwa. Jimbo lilisimamisha mabwawa mapya ya aina hii 1997 na kulifanya katazo hilo la kudumu 2007, lakini ya zamani yapo na yanatumika. Vibali vyake viko kwa idara ya mazingira, ambayo mkuu wake anateuliwa na gavana, si kwa kamishna wa kilimo. Nimeona vema kuliandika hili kwa sababu majirani wa mabwawa haya wana malalamiko ya haki, na mtu mwenye malalamiko anastahili kujua mlango wa kugonga.

Tumelala Warsaw.

Jumanne, Oktoba 29. Beaufort, Carteret

Barabara namba 24 inatoka Warsaw hadi baharini bila kukuachia: Kenansville, Beulaville, Richlands, Jacksonville, Swansboro, Morehead City. Unavuka daraja na umefika Beaufort, mji mdogo wa bandari wenye nyumba nyeupe za mbao na mashua za uduvi. Mzee hakuwa ameona bahari tangu aje Marekani. Alikaa ukutani kwa muda mrefu, nami nikamwacha.

Hiki ndicho nilichotaka aone, ingawa hakuna bango lolote la kukionyesha. Mwaka 2004 kaunti hii ilipiga kura za mapema kwenye mashine za kielektroniki zisizotoa karatasi. Kura zote zilikwenda kwenye kifaa kimoja cha kuhifadhia. Maofisa waliambiwa kina nafasi ya kura 10,500. Kilikuwa na nafasi ya 3,005. Kilipojaa, mashine ziliendelea kupokea watu kana kwamba hakuna kilichotokea, na watu waliendelea kuingia, kubonyeza na kutoka wakiwa na kibandiko cha "nimepiga kura" kifuani. Kura 4,438 hazikuandikwa popote.

Katika nafasi nyingine zote za jimbo zima hasara hiyo haikubadilisha kitu, maana tofauti zilikuwa kubwa kuliko kura zilizopotea. Lakini kwa kamishna wa kilimo, kati ya kura zaidi ya milioni 3, Troxler alikuwa anamtangulia Cobb wa Democratic kwa 2,287. Kura zilizopotea zilikuwa karibu mara mbili ya tofauti.

Nilimchorea Mzee hesabu kwenye daftari. Ili Cobb ashinde, kati ya hizo 4,438 alihitaji angalau 3,363, yaani watu watatu kati ya kila wanne na zaidi kidogo. Carteret ni kaunti ya Warepublican, kwa hiyo ni mlima. Ila mlima si ukuta, na bodi haiwezi kumtangaza mshindi kwa kukisia. Ikaanza vuta nikuvute. Bodi ya Uchaguzi ikaagiza uchaguzi wa marudio Carteret kwa baadhi ya wapiga kura tu, mahakama ikautupa. Bodi ikaagiza jimbo zima lirudie kwa nafasi hiyo moja. Mahakama ikautupa huo nao. Wengi wa washindi wa nafasi nyingine wakaapishwa Januari, kiti cha kilimo kikabaki na mgogoro.

Kilichomaliza mambo ni hati za kiapo. Watu wa Troxler walipita nyumba kwa nyumba huku Carteret, wakiwatafuta waliopoteza kura, na zaidi ya watu 1,300 wakaapa kwa maandishi kwamba walimchagua yeye. Rudi kwenye hesabu: ikiwa Cobb anahitaji 3,363, Troxler hawezi kuwa na zaidi ya 1,075. Hati zikapita hapo. Cobb akakubali kushindwa mwanzoni mwa Februari 2005, na Troxler akaapishwa mwezi huohuo.

Mimi namheshimu Cobb kwa kukubali, na namheshimu Troxler kwa kutembea nyumba hadi nyumba. Lakini jambo hili bado linaniuma. Kura ni siri, na siri hiyo ndiyo inayomlinda mnyonge dhidi ya mwajiri wake, mchungaji wake, mume wake. Watu zaidi ya 1,300 walilazimika kuitoa siri yao kwa sababu kifaa kilijaa na hapakuwa na karatasi ya kurudia kuhesabu. Katika mkahawa wa gatini tulikutana na mama mmoja wa makamo aliyekuwepo. Alipiga kura siku za mwisho za kura ya mapema, kwa hiyo yake ilipotea.

"Walikuja na hati mlangoni kwangu," alisema. "Sikusaini. Niliwaambia kura yangu nimeshaipiga, mkaipoteza nyinyi. Kwa nini niitangaze mimi?"

Mzee alinitaka nimtafsirie hilo tena, neno kwa neno.

Mwaka huohuo wa 2005 bunge la jimbo lilipitisha sheria: kila kura iwe na karatasi. Ile karatasi niliyotia wino Alhamisi imetokana na kura zilizopotea hapa, kwa ajili ya kiti hiki.

Jumatano, Oktoba 30. Njiani

New Bern, Kinston, Goldsboro, nyumbani. Mvua hakuna. Tumbaku imeshavunwa, mashina tu ndiyo yamesimama.

Alhamisi, Oktoba 31. Greensboro

Mzee amepiga kura yake ya kwanza ya maisha hapa Marekani. Nilimsubiri nje. Alichukua muda kuliko wote walioingia naye, na alipotoka aliniambia alisimama mbele ya mashine ya kuhesabia mpaka akaona namba imeongezeka moja. Kuhusu nani alimchagua kwenye kilimo hakusema, nami sikuuliza.

Jumatano, Novemba 6. Greensboro

Matokeo. Trump amechukua jimbo. Kwa ugavana ameshinda Josh Stein wa Democratic, kwa mbali. Na kwenye kilimo Troxler amerudi tena; mara ya sita sasa anachaguliwa. Katika zile nafasi 10, vyama vimegawana tanotano: Wademokrati wana gavana, naibu wake, mwanasheria mkuu, katibu wa jimbo na mkuu wa elimu, Warepublican wana kilimo, bima, kazi, hazina na ukaguzi. Maana yake ni kwamba maelfu kwa maelfu ya watu walishuka ile karatasi wakichagua mtu baada ya mtu, chama hiki hapa, kile pale.

Taber amekosa, lakini kampeni yake imewafanya watu wengi niliowasikia waulize kwa mara ya kwanza idara hii inafanya nini. Ningependa agombee tena, yeye au mwingine mwenye maswali magumu. Kiti kinachokaliwa miaka 20 na mtu mmoja kinahitaji kuulizwa maswali, hata kama mtu huyo anakifanyia kazi vizuri.

Mzee amenipigia saa moja asubuhi. Hakuzungumzia urais hata kidogo. Anataka tuandike barua kwa idara, leo, kwa Kiingereza kizuri: tuulize dawa gani za viazi zinakubalika kwa matembele ya kuliwa, na kina mama wetu wafuate utaratibu gani kupata meza ya kuyauzia Colfax msimu ujao. Yule mwenye shamba wa Sampson nimeshampigia, amesema yuko tayari kuacha mistari kadhaa bila kupulizia ili tujaribu. Barua nimeianza. Mzee anakuja jioni kuisoma na kutia saini.